Shimo la Thelathini na Mbili

Umma wa Watanzania, pamoja na wageni wote walioko nchini kwa viza halali, unatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba Ndugu Luhaga mwana wa Kashindye, mkazi wa Mirongo mjini Mwanza, umri miaka arobaini na miwili, mke mmoja, baiskeli nne, ndiye binadamu wa kwanza katika kanda nzima ya Ziwa kujipatia riziki kwa kupanda baiskeli asubuhi, kwenda mahali ambako hana shida nako, na kurudi jioni bila mzigo. Mashujaa wengine wa taifa wana sanamu. Huyu ana sugu, na zilipo hapafai kuoneshwa wageni.

Kabla ya ushujaa huo alikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha nguo, miaka kumi na saba mbele ya mashine ileile. Kisha soko huria likaingia Mwanza bila kubisha hodi. Asubuhi moja wafanyakazi wakakusanywa uwanjani wakaambiwa wanapunguzwa, kana kwamba walikuwa suruali ndefu. Wenzake walichukua kiinua mgongo wakafungua vibanda vya soda, wakakaa humo wakiuziana soda wao kwa wao. Luhaga akanunua baiskeli nne za Phoenix, akachora kibao kwa rangi iliyobaki ya mlango: SAFARI ZA BAISKELI NA HISTORIA.

Mtaa mzima ulicheka. Baiskeli kwetu ni punda. Inabeba gunia la mkaa, kitanda, mbuzi, mgonjwa, na siku ya harusi inambeba bibi harusi na shangazi yake. Kwamba mtu mwenye akili timamu atatoka Ulaya aje kuipanda kavu, bila hata kuku kwenye karia, hilo halikuingia vichwani. Mkewe, Getruda, anayeuza dagaa Mkuyuni, alipoelezwa aliuliza swali moja tu.

"Yaani anakulipa wewe, halafu anapiga pedali yeye?"

"Ndiyo."

"Basi huyo mlinde asije akapata akili."

Wakaja kweli. Luhaga aliwatoa alfajiri kwa njia ya Nyakato na Igoma mpaka Kisesa, akawapandisha Bujora kwenye makumbusho kuona ngoma na viti vya watemi, halafu wakaiacha lami na kushika njia ya vumbi kuelekea ziwani, hadi Kageye, kituo cha misafara ya zamani, kwenye kaburi la kizungu na kumbukumbu za waliofungwa minyororo. Ni njia nzuri. Vilima vya huko vina adabu, vinapanda taratibu na kushuka taratibu, vikikupa muda wa kuhema. Pamba huku, mihogo kule, mawe makubwa yamebebana kama watoto wa familia moja, na kimya kiasi kwamba unasikia mnyororo wako unavyoomba grisi.

Tatizo lilikuwa hicho kimya. Bujora ina historia, Kageye ina historia, lakini katikati palikuwa na saa mbili nzima za amani tupu, na mtalii ukimwacha na amani saa mbili anaanza kuuliza maswali.

Siku ya balaa mgeni alikuwa mama mmoja wa Kijerumani, mrefu, mwenye daftari. Gurudumu lake la nyuma lilipata pancha Mwashilunga, kijiji alichozaliwa Luhaga mwenyewe. Luhaga akaipindua baiskeli, akatoa tyubu, akasugua kwa msasa, akapaka solusheni. Yule mama akazungukazunguka, akapanda kwenye jabali bapa lililoko kando ya njia, akarudi mbio.

"Kuna mashimo pale juu ya jiwe. Safu nne. Nani ameyachimba?"

Jibu la kweli lilikuwa maneno matatu: mimi na Chenge. Lakini Luhaga aliyapima akaona hayatoshi kwa mtu aliyetoka Ulaya.

"Ni bao la Mtemi," akasema.

"Mtemi yupi?"

"Wa zamani."

"Zamani kiasi gani?"

Luhaga akatanua mikono, kama anayeonesha urefu wa sangara. Yule mama akaandika: miaka mia nne.

Miaka mia nne hiyo, kwa hesabu za kawaida, ilikuwa haijatimia thelathini. Luhaga na rafiki yake Chenge walikuwa wachunga mbuzi wa umri wa miaka kumi na mmoja, na Chenge alikuwa ameiba tindo la baba yake, fundi aliyekuwa akijenga kanisa la misheni. Walichimba bao lao kwenye jabali kwa wiki tatu, kila mmoja mashimo yake, wakishindana. Siku ya mwisho, likiwa limebaki shimo moja, walijisahau. Mbuzi wakaingia kwenye shamba la pamba la jirani na kula mistari mitatu mpaka kwenye udongo.

Shamba lilikuwa la mume wa Paskazia, mke mchanga aliyekuwa hajamaliza hata mwaka pale kijijini. Mume alirudi jioni, akauliza mbuzi ni wa nani. Paskazia aliwaona wale wavulana vizuri sana, maana walikuwa wamejibanza nyuma ya zizi lake mwenyewe. Alijua pia kwamba babu yake Luhaga alikuwa na mkono mzito. Akasema hakuona mbuzi wa mtu, ilikuwa zamu yake kulinda pamba akasinzia. Akachapwa fimbo nne. Wavulana walizisikia zote.

Kesho yake aliwaita, akawapa michembe ya moto, viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa, kwenye ungo. "Kuleni," akasema. "Mbuzi hawana akili, na ninyi hamna. Nitafanyaje?" Halafu hakulitaja tena jambo hilo, si kwa mumewe mpaka mume akafa, si kwa mtu yeyote. Na hakuna aliyerudi kuchimba lile shimo lililobaki.

Luhaga alidhani uongo wa njiani utafia njiani. Yule mama wa Kijerumani akaenda kwao na kuandika, na waliokuja baada yake wakaanza kuliulizia bao la Mtemi kwa jina. Luhaga akawa anaongeza chumvi kidogo kidogo. Mara Mtemi alicheza hapo kuamua kesi. Mara aliyeshindwa alitoa ng'ombe. Kila akiongeza aliona aibu, na kila akiona aibu wageni waliiona kama heshima kwa mababu, wakapiga picha.

Mwaka 1997 akafika Dokta Otuoma, mtaalamu wa mambo ya kale, mzaliwa wa pwani ya ziwa upande wa Mara, mtu mpole mwenye digrii mbili na kofia moja. Alipiga magoti juu ya jabali siku nne, na brashi na futi kamba. Akahesabu mashimo thelathini na moja. Akahesabu tena. Kila mchunga mbuzi anajua bao lina mashimo thelathini na mawili. Mtu mwingine angesema mchimbaji alichoka, lakini kwa hilo huhitaji digrii. Dokta akaandika kurasa arobaini kueleza kwamba lile shimo lisilochimbwa ndilo kiini cha jambo zima: ni nafasi ya mizimu, mchezaji asiyeonekana.

Chenge naye kwa wakati huo hakuwa tena mwizi wa tindo. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Alimsikiliza Dokta akitaja wafadhili, choo cha wageni, na barabara kuchongwa, na uso wake haukuonesha dalili yoyote ya kuwa ndiye mizimu inayozungumziwa. Wiki iliyofuata jabali lilizungushiwa kamba ya katani na kibao: ENEO LA KIHISTORIA. HAIRUHUSIWI KUKAA, KUANIKA WALA KUCHEZA. Ndilo bao pekee duniani ambalo ni marufuku kulichezea.

Neno lililouma ni hilo la kuanika. Jabali lile lilikuwa mpakani mwa shamba la Paskazia, na kwa miaka thelathini alikuwa akianika udaga wake juu yake. Hana lingine. Sasa ni mjane wa miaka hamsini na ushee, anaishi na wajukuu wawili wa kike, na mihogo ndiyo chakula chao mpaka Machi. Unaimenya, unaivundika chini ya majani mpaka iote ukungu, unaikwangua, unaipondaponda, kisha lazima ipate jua na jiwe la moto siku hiyo hiyo. Udaga ukishatoka kwenye majani haungoji kikao cha kijiji. Na mwaka ule redio zote zilikuwa zinataja mvua yenye jina la kigeni.

Chenge alimshauri aanike chini, nyumbani. Akaanika. Kuku wakala, mchanga ukaingia, kisha mvua ya kwanza ikanyesha mchana bila kuaga. Fungu lote likageuka jeusi. Alilimwaga kando ya njia, palepale Luhaga anapopita na wageni wake.

Hapa lazima isemwe jambo ambalo wageni hawakulijua. Usukumani mtu akiwa juu ya baiskeli na akamkuta mtu mzima njiani, anashuka. Hata kama ana haraka, hata kama amebeba mgonjwa, anaweka mguu chini ndipo anaamkia. Luhaga alishuka kwa Paskazia maisha yake yote, akimwita mayu, yaani mama. Lakini tangu ile kamba ifungwe, akifika pale anakaza pedali, anatazama mbele kama dereva wa treni, na anapiga kengele. Kring kring. Paskazia, akiwa mlangoni pake, anajibu, "Marahaba." Anajibu shikamoo ambayo hajapewa. Hiyo marahaba ilimfuata Luhaga mpaka Kageye na kurudi. Siku hizo alieleza vibaya hata habari za kweli. Aliwaambia wageni kaburi ni kisima.

Getruda aliisikia habari sokoni, kwa wanawake wanaoshusha mihogo kutoka huko.

"Baba Malimi," akamwambia, akipepeta dagaa, "hivi ni kweli siku hizi unaamkia mama za watu kwa kengele?"

"Nakuwa na wageni."

"Wageni wanakuziba mdomo?"

"Tunakuwa na mwendo."

"Aa. Mwendo." Akapepeta. "Mama yangu siku ukimpigia kengele, na mimi utanipigia kwa barua, kwa sababu utakuwa umebaki peke yako humu."

Kesho yake Luhaga alikwenda Mwashilunga bila wageni. Alimkuta Chenge ofisini, yaani kwenye benchi chini ya bati la ghala la zamani la pamba, akisoma mialiko ya uzinduzi.

"Chenge, tulifunge hili jambo. Tuseme ukweli."

"Ukweli upi?"

"Mashimo ni yetu."

Chenge aliikunja karatasi polepole. "Wewe ulichimba mangapi?"

"Kumi na saba."

"Mimi kumi na manne. Sasa hizi ni zama za hisa, ndugu yangu. Mwenye hisa nyingi ni wewe. Nenda kaseme, ufungwe peke yako."

"Mayu Paskazia udaga wake umeoza."

"Nimemwambia nitamletea turubai."

"Umemletea?"

"Turubai lina kikao chake."

"Alichapwa kwa ajili yetu, Chenge."

Chenge akatazama mlima, ng'ambo ya bonde la mpunga. Alitazama muda mrefu kwa mtu ambaye mlima huo ameuona kila siku tangu azaliwe. "Watu wanasahau," akasema.

"Hajasahau. Ananiitikia marahaba."

"Sasa marahaba imekuwa kosa?"

Luhaga akapanda baiskeli akarudi mjini, kilomita zote hizo, na ukweli wake bado ukiwa kwenye karia kama mzigo uliokosa mnunuzi.

Uzinduzi ulipangwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Dokta Otuoma alitaka wageni rasmi wafike kwa baiskeli, ili waionje historia kwa miguu yao wenyewe. Phoenix nne hazikutosha, zikaazimwa nyingine Kisesa, zile za wachumba, zenye vioo viwili na maua ya plastiki kwenye usukani. Kwa hiyo asubuhi hiyo vilima vya Mwashilunga viliona msafara usiopata kuonekana tangu misafara iliyotangulia: wazungu saba, ofisa mmoja wa wilaya aliyevaa suti, waandishi wawili, Dokta na kofia yake, na mbele kabisa Luhaga, ambaye hakuwa amekula tangu jana.

Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa ziwa, lakini juu ya kijiji jua lilikuwa kali. Jua la muda wa saa tano hivi, labda sita, halafu basi. Kila mwenye mihogo alilijua. Na Paskazia alikuwa amesimama kando ya njia na tenga la udaga limeegemea kiunoni, fungu la pili na la mwisho, limekwishakwanguliwa, linanuka ule uchachu wake. Hakuwa na pa kulipeleka. Alikuwa amelitoa tu, kama mtu anayemtoa mgonjwa nje apate hewa.

Kidole gumba cha Luhaga kilikuwa tayari kwenye kengele.

Akashika breki. Akashuka.

Kushuka ghafla mbele ya msafara wa baiskeli si jambo la busara. Wa pili alimgonga wa kwanza, wa tatu akaingia kwenye mihogo, ofisa wa wilaya akakaa chini na suti yake, na Dokta Otuoma akapokelewa na mchongoma. Luhaga hakugeuka.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba." Paskazia alimtazama miguu. "Leo umeshuka."

"Nimeshuka."

"Nilidhani hiyo baiskeli imeharibika, haisimami."

"Iliharibika. Lete hilo tenga."

"Ulipeleke wapi? Kuna kamba."

"Lete, mayu."

Akalifunga kwenye karia kwa mpira wa tyubu, akaanza kuikokota baiskeli kuelekea jabalini, Paskazia nyuma yake, na nyuma ya Paskazia wageni wakikokota zao, wakichechemea, wakipiga picha. Waliamini ni sehemu ya sherehe. Mmoja aliuliza kwa kunong'ona kama tenga ni sadaka.

Kule jabalini turubai lilikuwepo. Lilikuwa limefungwa juu ya viti vya wageni. Chenge alikuwa mbele, kaunda suti, kofia, hotuba mkononi. Ngoma zikanyamaza. Luhaga akaegemeza baiskeli kwenye kibao cha marufuku na kusema, bila salamu za itifaki:

"Haya mashimo si ya Mtemi. Nimechimba mimi na mwenyekiti, mwaka sitini na sita, tukiwa tunachunga. Nimewadanganya. Naomba huyu mama aanike udaga wake, jua linakwenda."

Watu wakacheka, halafu wakaona hacheki. Dokta Otuoma, akiwa bado anachomoa miiba, akainua mkono kwa utulivu wa kitaalamu.

"Msishangae," aliwaambia wageni. "Hili linajulikana. Walinzi wa mahali patakatifu mara nyingi hukana mbele ya hadhara. Kukana kwenyewe ni ushahidi."

Wageni wakaandika. Luhaga akamgeukia Chenge. "Sema."

Chenge akakunjua karatasi. Akaitazama hotuba. "Mimi... mambo ya mwaka sitini na sita, kwa kweli, sikumbuki vizuri."

"Chenge," Paskazia akasema. Hakupaza sauti. "Na fimbo nne hukumbuki?"

Kuna watu pale hawakujua ni fimbo zipi, na mpaka leo wanaulizana. Lakini walimwona mwenyekiti wao akivua kofia, akiishika kwa mikono miwili kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Akaenda kwenye mti iliposhikizwa ile kamba, akainama, akaanza kufungua fundo. Alikuwa amelifunga mwenyewe, kwa hiyo halikumchukua muda.

Paskazia hakungoja limalizike. Alipita chini ya kamba, akapanda jabalini, akaweka kanga yake pembeni. Luhaga akapandisha tenga. Wakaanza kutandaza, yeye upande wa juu, Paskazia upande wa chini, vipande vyeupe vikishuka kwenye safu nne za mashimo na kuyafunika. Wageni rasmi walisimama juani, maana wawili kati yao walikuwa wamekwishaanza kulifungua turubai la viti, lije lifunike udaga mvua itakapokuja.

Dokta Otuoma alipanda polepole mpaka ukingoni mwa jabali, daftari kifuani, kurasa arobaini ndani yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa na ile sura ya mtu anayemwomba daktari apime mara ya pili.

"Bwana Luhaga," akasema, "nakubali. Tuseme ni watoto. Mimi pia nimechunga. Lakini mtoto aliyechimba mashimo thelathini na moja kwenye jiwe, wiki tatu, hawezi kuacha moja. Haiwezekani. Lazima kuna maana. Niambie tu, kwa nini hamkulichimba la thelathini na mbili?"

Watu wakasogea wasikie. Luhaga alikuwa amepiga magoti, mikono myeupe mpaka viwikoni. Alimtazama Paskazia, naye Paskazia aliendelea kutandaza.

"Mbuzi waliingia kwenye pamba," akasema.